Dawati la Mwalimu: Jembe la adhabu na somo la kazi havikai shule moja

Mwezi huu meseji zilizoingia nyingi ni za nidhamu na za ndoto za watoto wa shule ya msingi, na kuna zilizochanganya vyote viwili. Nimechukua nne, zingine toleo lijalo. Na nyie mnaotuma voisi ya dakika kumi naomba muandike jamani, bando ni langu.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nafundisha darasa la nne huku Kahama, nina watoto 112 kwenye chumba kimoja na wengine wanakaa chini. Mkuu wa shule katuambia fimbo zipungue, sawa, nimetii, ila sasa hivi nikigeuka tu kuandika ubaoni kelele zinaanza na sisikii hata ninachosema. Niliwahi kuwapa pipi wanaofanya kazi ya nyumbani, ikaenda vizuri kama mwezi hivi, hela ilipokata na kazi za nyumbani zikakata. Wachelewaji nawapeleka kulima bustani ya shule. Monita anaandika wapiga kelele lakini haisaidii. Nifanyeje, maana nimechoka kweli. – Mwalimu wa kike, Kahama

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kazi. Watoto 112 si mchezo, na mtu akikupa ushauri unaokutaka upite dawati kwa dawati kila kipindi huyo hajashika chaki miaka mingi, muache aendelee na semina zake.

Tuanze na fimbo tuimalize. Mkuu wako hajalitoa hilo kichwani kwake. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Sasa niambie shule ngapi unazijua zenye hicho kitabu na kinajazwa. Hii tunayoizoea ya mwalimu wa zamu kasimama getini na fimbo, wachelewaji wanapita mmoja mmoja, haimo kwenye hizo kanuni. Na wale wanaosema bila fimbo shule itaanguka, Uganda wilaya ya Luwero ulifanyika utafiti kwenye shule za msingi 42, nusu zikapewa mpango wa kubadilisha shule nzima, walimu, wanafunzi na wazazi pamoja, ulioandaliwa na shirika la Raising Voices la Kampala, nusu zikaachwa zisubiri zamu yao. Baada ya mwaka na nusu wakaulizwa watoto wenyewe. Kwenye shule zenye mpango asilimia 31 walisema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita, kwenye zile zingine asilimia 49. Hayo yalitoka 2015. Asilimia 31 bado ni watoto wengi mno, sikatai, lakini kutoka 49 ni safari, na hakuna shule iliyofungwa kwa sababu ya kelele.

Shida ni kwamba shule zetu nyingi zinaondoa fimbo halafu pale ilipokuwa haziweki kitu, mwalimu anabaki mikono mitupu mbele ya darasa, ndipo anapokimbilia pipi.

Pipi sasa. Kilichokupata watafiti wa Marekani walishakiona mwaka 1973, kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto wanaopenda kuchora kwa makapeni, kundi moja likaahidiwa kabisa kwamba ukichora unapata cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe, kundi lingine likapewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa baada ya kuchora, la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye wakaachiwa wacheze watakavyo, na walioahidiwa cheti ndio waliogusa makapeni kidogo kuliko wenzao. Walishajua kuchora ni kazi ya kulipwa, malipo hayapo, wachore ya nini? Najua kazi ya nyumbani si kuchora, kuna mtoto haipendi hata kidogo na huyo kumshika mkono kwa kizawadi cha kuanzia si dhambi. Ila usitangaze bei. Toa baada ya kazi, bila kuahidi, na leo iwe hiki kesho kile.

Na si lazima iwe ya kununua. Shule yenu kama zilivyo nyingi nadhani kengele ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti na kuna chuma cha kuigongea. Hebu nitajie mtoto wa darasa la nne asiyetaka kuigonga ile kengele shule nzima ikatoka mapumziko kwa mkono wake. Hiyo ni zawadi na haina gharama. Kuongoza mstari, kuwa wa kwanza kutoka, kusoma hadithi mbele ya darasa la pili, kushika chaki na kusahihisha ubaoni, kubeba madaftari mpaka ofisini, haya yote watoto wanayagombania na sisi tumeyaacha kwa monita na viranja walewale toka Januari mpaka Desemba.

Kuhusu monita na orodha yake, hiyo orodha ifute leo. Kila mtu aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua inavyofanya kazi: monita anaandika adui zake, rafiki zake hawaonekani, ukimpa nusu andazi jina linafutwa, ukibisha linawekewa alama ya kuzidisha. Unawafundisha rushwa wakiwa na miaka kumi. Badala yake chukua wewe mwenyewe daftari dogo, kila siku andika watoto kumi tu uliowaona wakifanya kitu cha maana, na kabla ya kengele ya mwisho wasomee kwa sauti, jina na alichofanya. Usiseme "leo fulani kawa mtoto mzuri", uzuri upi? Sema "mvua ilivyoingia dirishani huyu alisogeza madaftari ya wenzake kabla hajasogeza lake." Sema "huyu alikosea hesabu akafuta akaanza upya bila kulia." Kumi kwa siku ukiweka tiki kwenye daftari la mahudhurio, 112 wote unawamaliza ndani ya wiki mbili na siku chache, na utashangaa wapo ambao ikifika siku ya nane hujapata cha kuandika. Hao ndio wa kuwatafutia. Mtoto mtukutu naye kuna dakika anafanya sawa, ila sisi macho yetu huwa yanafunguka akikosea.

Kwa zile dakika unazogeuka kuandika ubaoni upo mchezo mmoja ulijaribiwa kwanza Marekani kwenye darasa la nne pia, ukaandikwa mwaka 1969. Darasa linagawanywa timu, kanuni mbili tatu zinatajwa wazi, timu ikivunja inawekewa alama ubaoni, na zote zikibaki chini ya alama kadhaa zote zinashinda, kwa hiyo si lazima awepo wa kushindwa. Kuongea ovyo na kutembeatembea kulipungua sana. Kwako wewe gawa kwa mistari ya madawati, wa chini nao wawe na timu yao yenye jina kama wengine, anza na dakika kumi tu kisha ongeza taratibu, na usicheze siku nzima watachoka. Jambo moja tu, hata kule wapo wanafunzi wawili waligoma kucheza wakawa wanaiponza timu yao, wakatolewa wakahesabiwa peke yao. Wewe pia utawapata, usiwaache wabebeshe darasa zima alama.

Nimeliacha jembe la wachelewaji makusudi liwe la mwisho. Kwanza uliza kwa nini wanachelewa, Kahama ile kuna watoto wanachota maji kwanza, wengine wanatembea mbali, na kuna walioachiwa mdogo wamuogeshe. Pili, unajua baada ya kipindi hicho cha kulima unaingia darasani kuwafundisha kwamba kilimo ni kazi yenye heshima? Mtoto si mjinga. Kashika jembe kwa kosa, kafagia kwa kosa, kachota maji kwa kosa, kajifunza kwamba kazi ya mikono ni ya wakosaji. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967 shamba la shule lilikusudiwa liwe darasa, watoto wapange, wapande, wahesabu mavuno, waamue hela iende wapi. Njiani tukaligeuza mahali pa kupeleka wakosaji na mpaka leo hatujalirudisha. Mchelewaji abaki dakika chache mapumziko amalizie alichokosa, inatosha. Bustani wape watoto waliofanya vizuri, walioomba, wenye zamu, na wavune wale mchicha wao.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mwanangu wa kiume yuko darasa la tano hapa Mbagala. Juzi baba yake kamuuliza mbele ya wageni ukiwa mkubwa unataka kuwa nani, mtoto bila wasiwasi akajibu bodaboda. Wageni wakacheka, baba yake akaona kaaibishwa, toka siku hiyo kila akikosea kitu anaambiwa "ndio maana unataka bodaboda." Mtoto siku hizi haongei akiulizwa. Na tunasikia eti sekondari siku hizi kuna kuchagua mambo ya ufundi, sasa tuanze lini kumuandaa? Mimi ningependa awe daktari. – Mama yake, Mbagala

JIBU: Nzuri mama, salama. Nianze na baba, na namuomba asome mwenyewe hapa. Shemeji, swali uliuliza wewe. Mtoto kajibu ukweli wa anachokiona, maana Mbagala asubuhi anaona nini? Anaona vijana wenye pikipiki, wana hela mkononi, wanajuana na kila mtu, wakitaka kusimama wanasimama. Daktari anamuona mara ngapi kwa mwaka, na akimuona ni siku ana homa na anaogopa sindano. Mtoto anachagua kwenye vile alivyoviona, kwa hiyo ukitaka achague kingine kamuonyeshe kingine, kumcheka hakumuongezei kazi hata moja kichwani. Na hiyo ya kila kosa kutajiwa bodaboda iacheni leo. Mmeshafanya kazi ya mtu iwe tusi ndani ya nyumba, na yawezekana kuna mjomba anaendesha pikipiki ndiye anayewaletea mchele.

Wewe mama fanya hivi, siku mko wawili mnachambua mboga au mnatembea, muulize bodaboda anaipendea nini. Usimkatishe. Majibu ya watoto kwenye hili huwa yanatofautiana sana. Kuna anayependa mashine yenyewe, atakueleza injini inalia vipi na plagi ikichafuka inakuwaje, huyo ni fundi anajitambulisha. Kuna anayependa kukutana na watu na kujua njia zote za mjini, na kuna anayependa hela tu. Kila mmoja ana njia yake na hakuna hata mmoja aliyekutukana.

Wa hela kaa naye chini mfanye hesabu, karatasi na peni. Tuseme dereva kaingiza elfu 25 kwa siku, pikipiki si yake, hesabu ya bosi elfu 10, mafuta elfu 7. Kimebaki nini? Elfu 8. Hapo hajala. Halafu kuna oili, tairi, siku ya mvua abiria hakuna, siku pikipiki iko gereji, na bosi hesabu yake anataka. Sasa mgeuzie: je kama ni pikipiki ya mkataba, unalipa kila siku mpaka inakuwa yako, itachukua muda gani, na je kama ni wewe mwenye pikipiki tatu umewapa watu? Na yule fundi wa gereji ambaye wote wanampelekea, yeye anapata wapi? Namba weka za mtaani kwenu, muulizeni dereva mnayemjua. Mtoto wa darasa la tano anaiweza hii hesabu yote, na hapo umemfundisha kutoa, kuzidisha, na biashara, bila kumwambia hata mara moja kwamba ndoto yake ni mbaya.

Kuhusu sekondari, mliyosikia ni kweli. Sera ya elimu ilifanyiwa marekebisho 2023 na mitaala mipya ikaanza Januari 2024. Elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, na sekondari kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali, huko ndiko kuna kilimo, ufundi, ushonaji, michezo, sanaa na mengine. Kama mwanao alikuwa la tatu mwaka 2024 basi anamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao la saba wa mfumo wa zamani nao wanamaliza. Ulizia mapema shule gani karibu nanyi zina amali na fani zipi, maana hazilingani, na swali hilo mpelekeeni ofisi ya elimu ya kata au halmashauri, msiende kwa uvumi wa grupu la wasapu.

Ila kumuandaa hakumaanishi kumchagulia fani akiwa na miaka kumi na moja. Kumuandaa ni ajue kazi nyingi zaidi ya zile tano, daktari, rubani, mwalimu, mwanajeshi na raisi. Kila wiki akutane na kazi moja asiyoijua. Anayepima ardhi, anayetengeneza friji, mpima macho, anayepanga makontena bandarini, fundi wa maabara anayeangalia damu yake kwenye darubini siku ile ya homa. Ukiwa unataka daktari, sawa, mpeleke amuone daktari akiwa mzima haumwi. Lakini mama, huo udaktari ni ndoto yako, ishike wewe, usimbebeshe yeye.

SWALI: Mwalimu salaam. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi shule ya msingi Muheza. Mwaka jana tulifanya siku ya kazi shuleni, tukaalika mgeni rasmi na wakubwa wengine, hotuba zikaenda mpaka saa saba, watoto juani, wawili wakaanguka kwa njaa. Mgeni wetu mmoja akawaambia "msiposoma mtaishia kuuza machungwa." Mwaka huu nataka kurudia lakini bajeti hakuna na walimu wenzangu wamekata tamaa. – Mwalimu wa malezi, Muheza

JIBU: Salaam mwalimu. Kusimama Muheza, wilaya ya machungwa, mbele ya watoto ambao sare na daftari zimenunuliwa kwa machungwa, halafu ukawaambia machungwa ni adhabu ya kutosoma! Sijui alitaka watoto waende nyumbani wakawaangalie wazazi wao kwa jicho gani. Nashukuru umelileta.

Bajeti unayo, ila huijui. Futa mgeni rasmi, futa turubai, futa maji ya chupa na soda za meza kuu. Mwaka huu alika watu sita mpaka nane wa hapohapo kwenu wanaojua kazi yao, na mkataba wao na wewe ni mmoja: hakuna hotuba, kila mtu aje na kifaa kimoja cha kazi na afanye kitu watoto wakione.

Na wa kwanza kumualika ni fundi wa kubebesha miche ya machungwa. Namjua mtoto wa shule ya msingi, mpe hotuba ya dakika tano anasinzia, muweke mbele ya mtu mwenye kisu kikali, kamche ka limau na kikonyo cha chungwa, anachana gome la limau, anachomeka jicho la chungwa, anafunga na ukanda wa nailoni, halafu anasema huu mti chini utakuwa limau na juu chungwa, hapo hutasikia mtu anakohoa. Maswali yatakuja yenyewe. Kwa nini usipande mbegu? Limau si litageuza ladha? Unajuaje jicho limeshika? Hapo umepata sayansi ya darasa la tano imetembea kwa miguu imekuja shuleni. Na akisema anauza mche shilingi ngapi na kwa siku anabebesha mingapi, waache wapige hesabu wenyewe, wataona kama ni adhabu.

Halafu una bahati ya mahali. Kituo cha TARI Mlingano, cha taasisi ya utafiti wa kilimo, kiko wilayani kwenu, ndiko mkonge unakochunguzwa, zao ambalo miche yake ililetwa na Dk. Richard Hindorf kutoka Florida mwaka 1893 ikafika hai michache tu na ikajaza mashamba ya Tanga nzima. Taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, nayo ina kituo chake cha Amani hapo Muheza, watu wanasomea mbu na malaria. Andika barua kupitia kwa mkuu wa shule, omba mtu mmoja kila kituo, na uombe wasilete bosi, walete fundi sanifu, yule anayekamata mbu kwa mkono wake. Mtoto anayejua kwamba kuna mtu mzima analipwa mshahara kwa kufuga mbu hawezi kusahau siku hiyo. Ukipata mchomeleaji mlete na miwani yake ya kuchomelea, maana hapo Tanga kwenu ndiko linakoishia bomba la mafuta la kutoka Hoima huko Uganda, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani, waulize watoto vipande hivyo vyote vinaunganishwa na nani.

Namna ya kuendesha: kila mgeni akae chini ya mti wake, watoto kwa makundi wazunguke, dakika kumi na tano kila kituo, kisha uji. Maswali wayatunge darasani siku mbili kabla, na yawe ya kazi kweli. Asubuhi unaanza na nini? Nini kinachosha? Ulijifunzia wapi na ilichukua muda gani? Hesabu unaitumia wapi? Ulishawahi kuharibu kitu cha mteja ukafanyaje? Kuna mwalimu atataka kukataza swali la mshahara, usimruhusu.

Mtu wa kupokea wageni, mtunza muda mwenye saa, waandishi wa majibu, wapanga viti, hizo kazi usiwape viranja. Wape wale ambao majina yao yako kwenye kitabu cha nidhamu. Utunza muda hasa mpe yule msumbufu kuliko wote, umwambie zoezi zima linategemea filimbi yake, na ikiisha mshukuru mbele ya wageni kwa alichofanya. Hii kwa nidhamu ina nguvu kuliko mstarini zote za mwezi.

Darasa la kwanza na la pili usiwaache nje ati bado wadogo. Linda Gottfredson, mtaalamu wa Marekani, mwaka 1981 aliandika kwamba kuanzia kama miaka sita mpaka nane mtoto tayari anazigawa kazi hizi za kiume hizi za kike, na kuanzia tisa anaanza kuzigawa kwa heshima, hizi za watu wa juu hizi za watu wa chini, na zile anazozifuta kichwani ni nadra kuzirudia. Kwa hiyo ukingoja la saba unakuta wameshafuta. Fundi umeme mwanamke ukimpata mlete, muuguzi mwanaume mlete, na usiwatangaze kama maajabu, waache wafanye kazi yao watoto wawaangalie.

Jambo la usalama nalisema haraka: mgeni hakai na watoto peke yake, kila mti una mwalimu au mzazi wa kamati.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mvulana wa darasa la sita Iringa, ni kiranja wa mazingira. Mwalimu wa zamu ananiambia niwaandike wasiofagia halafu wanalimishwa, sasa wenzangu wananiita mmbeya na wawili wamesema watanisubiri njiani. Halafu mimi nataka kuwa nesi na wananicheka wanasema ni kazi ya wasichana. Naomba unijibu, nimeazima simu ya dada.

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na mshukuru dada kwa simu.

La njiani kwanza. Leo hii mwambie mtu mzima unayemuamini, mama, baba, au dada huyohuyo, na mwalimu mmoja, si lazima awe wa zamu. Kurudi nyumbani tembea na wenzako wa njia moja. Ukiona hawakusikilizi piga 116, ni simu ya msaada kwa watoto, ni bure, hata kwa simu ya kuazima. Kusema hivyo si umbeya, umbeya ni kupeleka maneno ili mtu aumie na wewe unataka usiumizwe.

Kuhusu kuandika majina, kazi hiyo haikustahili kupewa mtoto, na mwalimu wa zamu kama unapitia hapa naomba umpunguzie huyu kijana. Mpe apange zamu za kufagia, aonyeshe nani yuko wapi na ufagio upi, na asiyefika utamuona mwenyewe kwa macho yako.

Na unesi, wanaume manesi wapo hospitali nyingi, wodi ya majeruhi mgonjwa mzito akigeuzwa kitandani utawaona. Ukifika sekondari shika Baiolojia, Kemia na Fizikia, hizo ndizo chuo cha uuguzi watakazoziangalia, kwa hiyo Sayansi ya darasa la sita usiichezee. Siku ukienda zahanati muombe nesi akuonyeshe anavyopima presha, wengi hawakatai mtoto akiuliza kwa adabu, muulize na yeye alisomea chuo gani, halafu azima tena simu uniandikie alichokuambia.